Taya la Nasra

Jumatatu, 10 Juni 2024

Karakana imefunguliwa saa moja kamili. Wabanguaji ishirini na wawili, wawili wana ruhusa. Korosho za leo hazikukauka sawasawa, mafuta ya ganda yanatiririka mpaka viganjani. Majivu ya kupaka mikononi yameisha mapema.

Nasra, mke wangu, analalamika mdomo unamwasha. Ndani, kushoto, chini ya gego la mwisho. Nimemmulika kwa tochi ya simu: kidonda kidogo kama punje ya mtama, kingo nyeupe. Mafuta ya ganda hayo! Miaka kumi na tisa nasimamia wabanguaji, naujua mwunguzo wake. Na yeye, mkuu wa meza ya kwanza, kila korosho zikitoka jikoni lazima ang'ate moja na ganda lake apime ukavu. Anasema hakuna mashine inayolishinda gego lake.

Nimempa mafuta ya nazi apake. Vidonda vya vidoleni hupona siku kumi. Na hiki kitapona.

Jumapili, 30 Juni 2024

Siku ishirini. Hakijapona. Kimetambaa kidogo kuelekea shavuni.

Jana nilimkataza kung'ata, mbele ya meza nzima. Kosa langu. Akainuka, mkono kiunoni: "Jamani, Baba Zawadi kaniachisha gego! Nyumbani kashindwa, kaja kujaribu kazini!" Vicheko mpaka nje kwa wapakiaji. Nikaondoka na karatasi zangu.

Anasukutua kwa maji ya chumvi. Wanawake wengine wameniuliza, nimewajibu hivyo hivyo — ni mafuta ya ganda, yana tabia ya kuchelewa.

Ugoro hajaacha. Anauweka upande ule ule wa kushoto. Anasema unatuliza maumivu.

Alhamisi, 25 Julai 2024

Gego limelegea. Analisukuma kwa ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza. Amekubali likang'olewe. Mwenyewe anacheka: mashine imeharibika.

Jumanne, 20 Agosti 2024

Jino lilitoka tarehe 30 mwezi uliopita. Shimo halikuziba. Linajaa nyama nyekundu, laini, inayotoa damu ikiguswa na uji. Foronya naifua mimi sasa, kabla hajaiona.

Leo tumerudi kliniki ya meno. Daktari ni binti mdogo, anaitwa Neema. Hakuzungumza sana. Alipapasa chini ya taya, akarudia, akasimamisha vidole mahali pamoja. Akauliza kilianza lini. Nikasema tarehe kumi Juni.

"Na mlikuwa mnatibu nini?"

"Mafuta ya ganda la korosho."

Hakunigombeza. Alisema tu: kidonda cha mdomoni kikishapita wiki mbili, mtu asikipe jina akiwa nyumbani. Amekata kipande kidogo, amekitia kwenye kichupa cha dawa, kimepelekwa maabara. Majibu wiki mbili au zaidi.

Njiani Nasra alishikilia kitambaa shavuni hadi tulipofika Chikongola. Kisha: "Yule binti ana mkono mwepesi. Angefaa kubangua."

Ijumaa, 6 Septemba 2024

Saratani.

Kliniki waliniita mimi kwanza. Nikakataa, nikamwita aingie. Alisikia mwenyewe. Akauliza inaambukiza? Wakasema hapana. Akasema, "Basi hata Baba Zawadi simwachii kitu."

Mimi ndiye niliyecheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Siku themanini na nane toka 10 Juni mpaka majibu. Nimehesabu mara mbili.

Jumatano, 18 Septemba 2024

Bingwa wa taya na uso amefika hospitali ya mkoa na timu yake kutoka Dar. Dk. Elisha. Mtu mzima, mikono mikubwa, sauti ya chini. Ametuonyesha picha za CT kwenye kompyuta. Niandike yote nisije nikachanganya.

Ngozi ya ndani ya mdomo hujijenga upya kila siku. Seli za zamani zinatoka, mpya zinazaliwa. Ukiichoma mahali pale pale kwa miaka mingi, katika kujijenga upya huko siku moja seli moja inakosea. Haijui tena kusimama. Inazaa, na watoto wake hawajui kusimama. Akamuuliza Nasra kuhusu ugoro.

"Kidogo tu, daktari."

"Kidogo kiasi gani?"

Nasra akanitazama nimsaidie kudanganya. Sikumsaidia. Toka ana miaka kumi na minane, nikasema, kutwa nzima. Sasa ana hamsini na moja.

Nikauliza kuhusu mafuta ya korosho. Nilitaka aseme ndiyo. Alisema hawezi kulaumu mafuta ya korosho kwa alichokiona, ugoro unatosha. Kwa hiyo korosho haikuleta ugonjwa. Ilimpa tu mahali pa kujificha, na mimi nikashika mlango.

Ugonjwa umeingia kwenye mfupa wa taya. Tezi mbili za shingo zimevimba. Kwa hesabu zao ni daraja la nne, lakini la nne linalokatika, alisisitiza. Linalokatika leo. Baada ya miezi miwili hana uhakika.

Kazi yenyewe: watatoa nusu ya taya la chini, kushoto, toka karibu na sikio mpaka mbele ya kidevu. Watatoa tezi za shingo. Kisha mguuni watachukua mfupa mwembamba wa pembeni, pamoja na ngozi yake na mishipa yake ya damu. Wataukata vipande, waupinde ufuate umbo la taya, waufunge kwa bamba la titani. Mishipa ya mguu itashonwa kwenye mishipa ya shingo chini ya hadubini, kwa uzi usioonekana kwa macho. Damu ikipita, mfupa unaishi. Isipopita, unakufa, na wanaanza upya. Baadaye mionzi, wiki sita, Dar.

Nasra alisikiliza yote. Kisha swali moja: "Na ulimi?"

Kwa picha hii uko salama, alisema Dk. Elisha. Akaongeza kwamba mengine huonekana wakishafungua. Nilimwona Nasra akishusha pumzi kwenye ile sentensi ya kwanza. Ya pili sidhani kama aliisikia.

Wamempa tarehe 9 Oktoba. Timu itarudi wakati huo kwa wiki moja tu, baada ya hapo haijui itakuja tena lini.

Jumapili, 22 Septemba 2024

Mzee Sudi amekuja kutoka Kilambo. Mjomba wake Nasra, ndugu pekee wa mama yake aliyebaki. Kwao bila mjomba hakuna linaloamuliwa. Nilimwamkia, akaitikia huku anatafuta kiti. Nimemweleza kwa kuchora.

"Yaani, mkwe wangu, wachukue mguu waweke mdomoni?"

"Mfupa mmoja, Mjomba. Mwembamba."

"Halafu mwanangu atatembea kwa mdomo?"

Nasra akajibu kutoka chumbani, maneno yameanza kumtoka mazito upande mmoja: "Mjomba, nimetembea kwa mdomo maisha yangu yote, uliza mtaa huu!"

Mzee hakucheka. Alinigeukia. Akasema miezi mitatu alikuwa anasikia Nasra ana mwunguzo wa korosho. Nani alisema ni korosho? Nikasema ni mimi. Akavua kofia yake, akaifuta gotini. Kisha akasema mume ni mgeni, mgeni akikosea hagombezwi, anaangaliwa tu.

Niliangaliwa mpaka adhuhuri.

Baada ya swala amekubali, kwa sharti. Kitakachokatwa arudishiwe yeye. Kitavikwa kitambaa cheupe na kuzikwa Kilambo, kwa dada yake, mama yake Nasra. Mwili wa mtu hautupwi ndooni. Nimempigia Dk. Elisha. Amesema taya lazima lianze maabara, likatwe vipande, lipimwe kingo. Kitakachobaki watapewa ndani ya chombo. Si mara ya kwanza kuombwa hivyo, akasema.

Mzee amekubali kusubiri maabara. Amesema hata maiti husubiri ndugu wa mbali.

Jumatatu, 30 Septemba 2024

Hataki uji. Maziwa na maji ya mchele tu. Amepungua kilo sita.

Jioni nilikuwa namkanda bega. Akasema kitu, nikamwomba arudie, sauti inakwama. Akarudia polepole, akinishika mkono ili nisiondoke.

Taya wachukue. Mguu wachukue, hata miwili. Ulimi hapana. Wakifungua wakakuta umefika kwenye ulimi, wamfunge, wamrudishe nyumbani.

Nikasema Nasra, usiongee hivyo. Akasema anaongea hivyo wakati bado anaweza.

Ni kwa ajili ya unyago. Desemba kuna wasichana kumi na wanne wanamsubiri yeye kama kungwi. Kuna maneno aliyoachiwa na shangazi yake ambayo hayaandikwi, yanasemwa, tena kwa namna moja tu, na mengine yanaimbwa. Alikuwa amwachie binti yetu Zawadi, lakini Zawadi yuko Songea na watoto wadogo, kila mwaka anasema mwakani. "Nikikaa bila ulimi," alisema, "nitakuwa nimefunga nyumba na funguo nimemeza."

Nikasema sawa.

Neno lenyewe ni hilo. Sawa.

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Amelazwa toka jana. Kesho saa mbili asubuhi.

Muuguzi Raheli alileta fomu ya ridhaa, karatasi mbili, herufi ndogo. Akamweleza Nasra kwa ufupi, akaitwa kitanda cha pili. Nasra hakuigusa. "Nisomee wewe. Kazi ya karatasi ni yako."

Nikasoma. Kuondoa nusu ya taya la chini kushoto. Kuondoa tezi za shingo. Kuchukua mfupa wa mguu wa kulia. Tundu la kupumulia shingoni, kwa muda. Mpira wa chakula puani. Hatari ya kutoka damu, hatari ya pandikizi kufa, hatari ya kifo. Nilisoma kwa sauti, neno kwa neno. Mstari wa tisa unasema: na sehemu ya ulimi, endapo ugonjwa utakutwa umefika huko.

Sikuusoma.

Sikusita hata. Sauti yangu ilitoka wa nane ikaenda wa kumi kama mtu anayeruka dimbwi la maji. Alikuwa amefumba macho, anaitikia kwa kichwa kila nilipomaliza mstari. Akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, herufi kubwa kubwa.

Raheli aliporudi akauliza, umemsomea yote, baba?

Yote, nikasema.

Baadaye Dk. Elisha alipita, akamuuliza ana swali? Palepale angeweza kuuliza. Aliuliza kama kwenye mfupa wa mguu vinaota vinyweleo. Daktari akacheka. Mimi nikaangalia dirishani.

Nataka aishi. Nimeliandika, basi. Si sababu, lakini sina nyingine.

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Ameingia saa mbili na dakika kumi. Mzee Sudi na mimi benchi moja. Ana mfuko wa nailoni, ndani kitambaa cheupe amekikunja mara nne.

Saa sita: bado. Saa nane: bado. Mzee ameswali, amekula ndizi moja, nusu amenipa.

Saa kumi Raheli amepita akasema mguu umeshafungwa, sasa wako kwenye mishipa. Hadubini. Kimya kabisa huko ndani, akasema, hata anayepiga chafya anatoka kwanza.

Saa moja jioni Dk. Elisha ametoka. Karibu saa kumi na moja nzima amesimama! Akakaa na sisi kwenye benchi. Damu inapita. Mfupa umekaa vizuri. Tezi zimetoka zote.

Kisha: ugonjwa ulikuwa umetambaa chini, kwenye sakafu ya mdomo, umegusa ubavu wa ulimi. Haukuonekana kwenye picha. Wametoa theluthi moja, kushoto. Bila hivyo wangemwachia mbegu. "Fomu ilituruhusu," akasema. "Kwa hiyo hatukupoteza muda."

Mzee Sudi alitugeukia taratibu.

"Ulimi? Nasra alikubali ulimi?"

"Alisaini, Mjomba," nikasema.

Kweli alisaini.

Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Dakika tano tu kuingia. Uso umevimba, hauna pande. Shingoni tundu na mrija unaopumua. Mguu wa kulia umefungwa toka goti. Mdomoni, mahali pa ufizi, kipande cha ngozi ya mguu, rangi ya mguu. Kila saa Raheli anakibonyeza, anahesabu mpaka rangi irudi. Kila saa anaweka kikalamu cha mashine shingoni asikilize damu. Nimeisikia. Fuu — fuu — fuu. Kama mtu anayepuliza moto wa mkaa.

Amefumba macho.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Asubuhi ngozi ya pandikizi iligeuka kibluu. Wakaita. Dk. Elisha alikuja mbio na viatu vya ndani. Uzi mmoja wa nje ulikuwa unabana mshipa. Wakaukata palepale kitandani. Dakika ishirini. Rangi ikarudi.

Nilikuwa nimeapa kwamba ikifa nitasema yote. Haikufa. Sikusema.

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Amefumbua macho. Ananijua. Nilimsemesha habari za karakana, meza ya kwanza imepunguza kilo kwa sababu hakuna anayewachekesha. Jicho moja likacheka.

Kisha akainua kidole, akakiweka mdomoni. Akakizungusha hewani. Akanitazama.

Nikasema uvimbe, mama. Uvimbe utapungua.

Akafanya tena kidole vile vile.

Mzee Sudi alikuwa upande wa pili wa kitanda. Ameniangalia kama alivyoniangalia ile siku ya kwanza. Nje akaniuliza swali moja tu: ile karatasi, nani alimsomea? Nikainama kufunga kamba za kiatu. Hakurudia. Amesema kesho anakwenda maabara kuulizia chombo chake, na kwamba akirudi anataka kunikuta na jibu.

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Saa tatu asubuhi. Wamemketisha. Damu inapita vizuri, mashine inapuliza. Dk. Elisha amesema majibu ya kingo wiki ijayo, ila kwa macho yake anaona wameutoa wote. Anaweza kupona, akasema. Mazoezi ya kusema yataanza tundu likizibwa. Maneno mengi yatarudi. Siyo yote yatarudi yalivyokuwa. Kuimba, mtu asimdanganye.

Alisema hayo mlangoni, kwangu. Kitanda kiko hatua nne. Nasra alikuwa anatutazama midomo.

Toka hapo hatulii. Anapiga godoro kwa kiganja. Raheli anamuuliza, maumivu? Kiu? Mguu? Anatikisa kichwa kila mara. Ameonyesha alama ya kuandika hewani, kidole gumba na cha shahada. Raheli anatafuta. Ubao wa wodi umechukuliwa chumba cha pili, stoo imefungwa leo Jumapili. Amenigeukia mimi, niliyekaa hapa naandika.

"Baba, mpe basi hilo daftari lako aandike. Mwanzo mpaka mwisho tunakuona nalo."

Nimemwambia asubiri nimalize mstari.

Nasra amenyoosha mkono. Anasoma polepole, lakini anasoma. Mzee Sudi ameingia sasa hivi, amesimama karibu na pazia, mfuko wake bado una kitambaa tu.

Nyuma kuna karatasi nyeupe. Naweza kuchana moja, ikatosha. Nimeishika pembe. Mkono wake bado uko hewani, kiganja juu, na Raheli anasema, baba, mwachie basi —